Isale Kwenye Nyungu

Mtoto wangu wa kwanza nilimwona kwa darubini. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kulalamika, ndivyo ilivyokuwa. Mimi ni dereva wa watalii, na vitu vya thamani nimezoea kuviona kutoka mbali. Kwa darubini hiyohiyo nimewaonyesha wageni faru ndani ya kreta, nikiwaambia watulie, yule pale, kile kidoa cheusi upande wa kulia wa maji. Safari hii kidoa kilikuwa kimefungwa ndani ya kitenge cha mke wangu, mlangoni kwa mama yangu kule Buger, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la maharage kwenye ghala lililo chini ya shamba. Kupanda nisingeweza. Nilikuwa nimetengwa.

Ulikuwa mwaka wa Korona. Wageni wangu wa mwisho walikuwa mtu na mkewe, wazee wachangamfu, ambao walikohoa kutoka ukingo wa kreta mpaka uwanja wa ndege. Walipofika kwao waliniandikia ujumbe wa kunishukuru kwa chui tuliyemwona, na mwishoni kabisa, kana kwamba wamekumbuka jambo dogo, wakasema wote wawili wamelazwa. Ujumbe ulinikuta Karatu, nimesimama gereji nikikabidhi gari, maana tulikuwa tumeshaambiwa twende nyumbani tukapumzike mpaka tutakapoitwa. Nikaenda moja kwa moja kuonana na muuguzi. Alinisikiliza akiwa amesimama mbali, akaniuliza kama nina homa, nikasema sina, akasema basi nikae mbali na watu wiki mbili, hasa kama nyumbani kuna mzee au mjamzito.

Nyumbani kulikuwa na wote wawili. Mke wangu ni Mchaga wa Machame, nilimkuta Karatu akiwa na duka la vitenge, na kwa wakati ule alikuwa na mimba kubwa. Nilikuwa nimeshampeleka kwa mama Buger ili apumzike. Mimba ile tulikuwa tumeingoja miaka, mpaka watu wa pande zote mbili walikuwa wameacha kuuliza, na hakuna kitu kinachouma kama watu kuacha kuuliza. Nilikuwa nimemwahidi kwamba siku ya kujifungua sitakuwa Serengeti wala kwenye kreta. Nitakuwa mlangoni, na baada ya mkunga mikono ya kwanza kumpokea mtoto itakuwa yangu. Ahadi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiwaza nilipompigia mama simu.

“Njoo,” mama akasema. “Lakini usipite njia ya watu. Pitia chini, mtoni. Ghala nimeshalifagia.”

Alikuwa amelifagia kabla sijapiga. Buger habari hukimbia kuliko bodaboda.

Nilipofika nilikuta godoro, ndoo, mafiga, sufuria moja, na kikombe changu cha utotoni chenye jogoo aliyefutika kichwa. Katikati ya kijia kinachopanda nyumbani mama alikuwa amelaza tawi bichi, na juu ya tawi amemwaga jivu. Yeye mwenyewe alisimama juu huko, mikono kiunoni, akingoja nione. Nikaona. Nikakumbuka bibi yangu, mama yake, na nikacheka peke yangu kwa mshangao, kwa sababu jambo lile nilidhani lilizikwa naye.

Sisi Wairaqw tuna kitu kinaitwa metimani. Nyumba iliyopatwa na jambo zito, kama vile mtoto kufariki, hukaa peke yake. Haiombi moto kwa jirani na jirani haombi moto kwake. Njia yake ya maji inakuwa nyingine. Chombo chake hakishikwi na watu wengine, na yeye hali kwa watu. Hakuna ugomvi wala matusi ndani yake, watu wanakusalimia vizuri tu kutoka ng'ambo ya boma, lakini umetengwa mpaka majirani wenyewe waje kukurudisha. Makanisa yalipoingia jambo hili lilififia, likabaki kwa wazee na kwenye hadithi. Mama yangu ni mwanakwaya, ana sare mbili, na kila Jumapili anakaa benchi la mbele. Nilimuuliza kwa sauti kama mchungaji ana habari.

“Wenye ukoma kwenye Biblia walisimama mbali wakapaza sauti,” akanijibu. “Na wewe paza hivyohivyo, nakusikia vizuri.”

“Mpaka lini, mama? Muuguzi amesema wiki mbili.”

“Muuguzi amesema lake. Huku ni mpaka mwezi huu ufe, na mwingine uonekane kwa macho.”

Nilipiga hesabu kichwani nikaona mwezi wa mama unazidi wiki za muuguzi kwa mbali, na tarehe ya mke wangu iko katikati hapo. Tawi lenyewe halikufika magotini. Ningeliruka hata nikiwa nimebeba gunia. Lakini kama ningeliruka, nyumba nzima ya mama ingeingia kwenye metimani pamoja na mimi. Majirani wasingekanyaga pale. Hakuna ambaye angemletea mke wangu uji, hakuna ambaye angekuja kumtazama mtoto na kumtemea baraka, na mtoto tuliyemngoja miaka yote ile angeanza maisha kwenye nyumba isiyopigiwa hodi. Nikaingia ghalani nikatandika godoro.

Sasa niseme ukweli ambao wenzangu wa kwenye magari hawapendi kuusikia: siku zile za ghalani nilizifurahia. Miaka yote nilikuwa nikiisikia mvua kama mtu wa barabara, nawaza matope, nawaza gari kuzama. Mle ndani niliisikia kama mtoto wa mkulima, ikipiga bati, nami nikageuka upande wa pili nikalala. Niliona mahindi yakipanda. Nilijua jogoo yupi wa jirani huwika mapema na yupi ni mvivu. Chakula kilikuja kwenye jiwe, mama anakiweka, anarudi nyuma, ananiita, mimi natoka. Tulikuwa tunakula pamoja hivyo, yeye juu na mimi chini, tukizungumza kwa sauti ya sokoni.

Na kulikuwa na nyungu. Mwaka ule nchi nzima ilinukia mkaratusi. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, mke wangu alichuma majani ya mkaratusi, mpera na mchaichai, akakata malimao na tangawizi, mama akachemsha chungu kikubwa, kisha mmoja baada ya mwingine wakaingia chini ya blanketi na kuvuta mvuke. Mimi nilipewa chungu changu na blanketi langu. Mke wangu alipenda blanketi moja kwa nyumba nzima kama walivyofanya wapangaji wenzetu mjini, lakini mama alisema jasho la mtu ni lake. Walivutana kidogo juu ya hilo, kwa heshima, kila mmoja akimwambia mwenzake “sawa” huku akifanya la kwake. Mimi nilikohoa siku chache, kikohozi kikavu, nikaogopa kuliko nilivyoonyesha. Mama alinisikia kutoka juu. Chungu cha siku ile kilikuja na majani mengi mpaka maji hayakuonekana. Kikohozi kikaondoka. Kama ulikuwa ule ugonjwa wenyewe au vumbi la maharage, sijui, sikupimwa, na mpaka leo siwezi kuapa ni majani yaliyoniponya au ni kule kukaa mbali tu.

Jirani yetu wa karibu, mzee mgane mwenye redio, yeye hakuwa na shaka yoyote. Alikuwa anakuja kila asubuhi kusimama kwenye mpaka wa shamba na kunisomea dawa mpya. Leo ni kitunguu saumu cha Mang'ola, kitafunwe kibichi. Kesho ni pilipili kichaa na asali. Keshokutwa ni mizizi ambayo Mmasai mmoja amemwekea kwenye supu. Zote alizijaribu yeye kwanza, na lazima nimsifu, hakumshauri mtu dawa ambayo hajaimeza. Siku ya tangawizi alizidisha, akashinda chooni, na asubuhi yake alisimama pale mpakani akiwa mwembamba kidogo.

“Inasafisha,” akaniambia.

“Imesafisha mapafu?”

“Haikufika huko juu. Lakini chini kote ni kweupe.”

Kwa kuwa mimi sikuwa na pa kwenda, na mama alikuwa na maharage ya kupukuchua, alinisimulia mambo ambayo miaka yote sikuwa nimekaa kitako kuyasikiliza. Bibi yake aliishi nyakati za ndui, na mama yake aliiona tauni. Nyumba iliyoingiwa iliachwa na moto wake, na watu walitengeneza kijia kipya cha kwenda mtoni kisichopita kwake. Halafu aliitwa mtaalamu wa mambo ya mvua na mipaka, akachimbia dawa kwenye njia zinazoingia, na jioni watu wote walitoka na fimbo wakauzomea ugonjwa, wakausukuma kwa kelele mpaka ng'ambo ya mto.

“Ng'ambo ya mto kulikuwa na nani?” nikauliza.

“Majirani.”

“Na wao walifanya nini?”

“Waliuzomea ukarudi.” Alisema hivyo bila kutabasamu, akiendelea kupukuchua. “Ndiyo maana bibi yangu alisema bora kujitenga mwenyewe kuliko kumsukumia mwenzio.”

Alinikumbusha pia miaka ya kikombe, watu walipomiminika kwenda Loliondo kunywa dawa, foleni ya magari ikalala porini. Mimi nilikuwa kijana kwenye kazi, nikawabeba watu wengi, naye nikambeba kwa ajili ya goti lake. Alikunywa, akarudi akipanda mlima kama mbuzi. Baada ya mavuno goti likaanza tena. Hakuwahi kukisema vibaya kikombe. Alisema goti lililopona ni lile la zamani, hili ni jingine.

Wiki za muuguzi ziliisha nikiwa mzima kabisa. Nilimpigia, akaniuliza maswali yake, akasema niko huru. Nikamtangazia mama. Mama akaniangalia, akaangalia juu, akaniambia mwezi bado ni mnene.

Mtoto alikuja siku chache baadaye, mchana wa mvua. Nilisikia pikapu ya jirani wa kule juu ikiwaka, nikatoka, nikamwona mke wangu akipandishwa, mkono mmoja mgongoni. Aligeuka akanitafuta kwa macho. Nilifika mpaka kwenye tawi. Vidole vya miguu yangu viligusa jivu. Yeye akatikisa kichwa, hapana, usifanye hivyo, akaingia garini, na pikapu ikaondoka ikiteleza kuelekea kituo cha afya. Ile ahadi yangu niliiona ikiondoka nayo. Nilikaa kwenye mvua mpaka mama akaniita kwa ukali niingie ndani, na nilimchukia kidogo, wacha niseme, nilimchukia kama mtoto wa miaka mitano anavyomchukia mama yake.

Kesho yake walirudi. Msichana. Hapo ndipo nilipoichukua darubini. Mke wangu alisimama mlangoni akafunua kitenge, akamgeuza mtoto uso kwangu, na mimi nikazungusha zile lenzi mpaka uso ukatokea: mdogo, mwekundu, umekunjamana, umekasirika. Nililia. Niliona pia bega la mama yangu likija kando yake, likikaa mbali kidogo, halafu likisogea.

Basi siku zikaanza kuwa ndefu. Majirani walikuja wakaleta uji, mama alinichinjia jogoo, mimi nikala nyama yangu juu ya jiwe. Mwezi ulikonda, ukafa. Nilifurahi mapema. Maana mwezi ulipokufa masika ilikuwa imekolea, na wingu la msitu wa Marang lilishuka juu ya Buger likakaa kama mgeni asiye na haraka. Jioni ya kwanza hatukuona kitu. Ya pili hivyohivyo. Nilimwambia mama kwamba simu yangu inaonyesha mwezi mpya umeshatoka. Yule mzee wa redio akathibitisha, kwa sauti ya mtu wa serikali.

“Simu haina macho,” mama akasema. “Redio pia haina. Metimani ya kufungua kwa kukisia huwa haifunguki. Watu watakuja wakiwa na wasiwasi, na mtoto atashikwa na mikono yenye wasiwasi.”

Mke wangu hakuwahi kubishana na mama usoni, hata siku moja. Kwao hawafanyi hivyo. Lakini kwao wana isale. Ni mmea wenye majani marefu, Wachaga huupanda kwenye mipaka na kwenye makaburi ya wazee, na jani lake ni neno kubwa kuliko maneno. Mtu akikuletea isale anakuomba msamaha au anakuomba jambo zito, na hata kama alikuchomea nyumba huwezi kumkatalia. Mke wangu alikuja na kipande cha mmea huo tulipooana, akakipanda kando ya jiko la mama, kikashika. Mama alikuwa akikimwagilia bila kuuliza. Alikichukulia kama ua.

Siku ya tatu ya wingu hilo nilikuwa nimekaa na darubini, kama kawaida yangu. Nilimwona mke wangu akitoka na mtoto mgongoni, akakata jani moja zuri la isale, akalipangusa kwa upindo wa kanga. Nikajua maana yake. Mama alikuwa zizini. Mke wangu akaliweka jani juu ya kigoda cha mama, mbele ya chungu cha nyungu, akalinyoosha, akaingia ndani kungoja. Mama akatoka zizini. Akafika kwenye kigoda. Akaliona jani, akaliinua, akalinusa, akatikisa kichwa kama mtu anayesema haya basi, tujaribu na hili, akachukua kisu.

“Mama, usilikate!” nikapaza sauti.

Akanipungia mkono. Akalikata vipande vitano, sita, akavitia chunguni, akafunika.

“Mama, hiyo siyo dawa!”

“Na wewe nitakuletea!” akajibu, akajifunika blanketi na chungu chake.

Yaliyofuata mke wangu alinisimulia kwa simu jioni ileile, kwa kunong'ona, na hakuweza kumaliza kwa sababu ya kicheko ambacho nadhani kilikuwa na machozi ndani. Alitoka akakuta kigoda kitupu na blanketi linafuka mvuke. Akasimama. Akauliza, mama, lile jani? Blanketi likasema, nimelitia, ni kali? Ndipo ikabidi amweleze. Alimweleza mama mkwe wake aliye ndani ya blanketi kwamba lile ni isale, kwamba kwao anayeshikishwa isale hawezi kukataa, kwamba alikuwa anamwomba amwachie mume wake apande ashike mtoto wake, na kwamba haombi kwa kumdharau, anaomba kwa sababu mtoto ameshaanza kufumbua macho na baba yake hajamwona kwa karibu.

Mimi huku chini niliona tu kilima cha bluu kisichotikisika na mke wangu amesimama mbele yake, nikadhani mama amezimia. Alikaa humo mpaka mvuke ukaisha. Alipotoka uso wote ulikuwa maji, na baada ya nyungu uso wa kila mtu ni maji, kwa hiyo hakuna wa kusema lolote.

“Nimeshalivuta,” alimwambia mke wangu. “Lipo humu kifuani. Sasa jani la namna hiyo mtu analitoaje?”

“Halitoki, mama,” mke wangu akasema.

Kesho yake mchana nilimwona mama akipanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao wa uhakika, na simu sikioni, mdomo ameuziba kwa kanga. Nikadhani ni mambo ya kwaya. Wingu lilikuwa palepale. Jioni ilipoingia, yule mzee wa redio akiwa amesimama mpakani kwake na mimi nimekaa mlangoni kwangu, simu ya mama ililia, naye akashuka nayo mpaka kwenye tawi, akaiweka sauti ya nje na kuinyoosha mbele kama mtu anayetoa ushahidi. Alikuwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa Wasso, mwenye duka dogo la nguo karibu na stendi.

“Mama, nimeuona,” dada akasema. “Mwembamba kama ukucha, juu ya milima.”

“Umeuona wewe, au umeambiwa?”

“Mimi mwenyewe, kwa macho yangu.”

Mzee akajikuna kidevu. “Ni yule binti mwenye miwani?”

“Miwani ndiyo inayoona,” mama akasema, akakata simu. “Mwezi wa Wasso ni mwezi wa Buger. Waite watu.”

Walikuja asubuhi, kila nyumba na kijinga chake cha moto. Mzee wa redio ndiye aliyeondoa lile tawi kwenye kijia. Moto wangu wa ghalani ulizimwa kwa maji, majivu yakafagiwa mpaka mtoni, halafu vijinga vya majirani vikapangwa kwenye mafiga yangu, wakapuliza, na juu ya moto huo wa watu wote tukapika uji kwenye sufuria yangu moja. Mzee akanywa wa kwanza, kutoka kwenye kikombe changu chenye jogoo asiye na kichwa. Alikunywa taratibu, akiniangalia, watu wakiangalia koo lake. Akamaliza akanipa kikombe. Nimekunywa vinywaji vingi kwenye loji za watu wenye hela, sijanywa kitu kama uji ule.

Kisha nikapanda. Mke wangu alikuwa mlangoni, mahali nilipoahidi kusimama mimi. Aliniwekea mtoto mikononi, nikashangaa alivyokuwa mzito, kwa sababu darubini haionyeshi uzito. Alinukia mkaratusi kama nyumba nzima. Mama alisimama kando, akaniambia nimshike kichwa vizuri, na nikamshika.

Kazi zilirudi polepole. Msimu ulipofufuka niliwapeleka wageni upande wa kaskazini kwa njia ya Wasso, ile barabara ya vumbi inayokutoa meno, na nikalala kwa dada yangu. Tulikaa sebuleni kwake, watoto wake wameenda dukani, nikamtania juu ya miwani yake, nikamwambia asante kwa ule mwezi, maana sikuwahi kumshukuru uso kwa uso.

Dada akavua miwani, akaifuta kwa kanga, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Hajakwambia?” akasema. “Siku ile hapa ilinyesha kutwa. Hata kuku hawakutoka. Mwezi gani ningeuona mimi?”

Sikuelewa. Akacheka.

“Alinipigia mchana. Akasema, mwanangu, jioni nipigie uniambie umeuona. Nikamwambia, mama, nikudanganye? Akasema, usinidanganye mimi, mimi najua. Na usiseme nadhani. Sema kwa macho yangu.” Alivaa miwani yake. “Halafu akaniambia, kuna jani limenikaa kifuani, siwezi kulala nalo.”

Nilirudi Karatu, na mwisho wa juma nikaenda Buger, nimedhamiria kumtania mama mpaka akome. Nilimkuta nje jioni, mjukuu wake, ambaye sasa anakimbia na kuvunja vitu, amemkalia kwenye lile goti lingine. Anga lilikuwa safi. Mwezi ulikuwa umeandama, mwembamba, juu ya msitu, na mtoto alikuwa ananyoosha kidole upande ambao siyo.

“Huyu haoni,” mama akasema. “Hana macho ya shangazi yake.”

Aliniangalia kidogo, akaangalia pembeni. Kando ya jiko isale ilikuwa imeota ikawa kichaka, na chini yake udongo ulikuwa umelowa, ametoka kuumwagilia.

“Ni kweli, mama,” nikasema. “Dada ana macho.”

Nikachuchumaa, nikamshika mwanangu kichwa, nikamgeuza polepole mpaka akauona.